Pini, mianya na utumbo kuziba baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwa wagonjwa na jamaa zao: kwenye korido ya kliniki, kitandani siku ya pili baada ya upasuaji, na kwenye jumbe za usiku zinazoanza na "samahani sista, naomba kuuliza". Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Namkabidhi daktari stepla ya kupiga pini kwenye utumbo, nahesabu katriji zinazobeba pini hizo, naandika kilichotumika. Kwa hiyo majibu yangu yameelemea kwenye yale yanayotokea mezani, ambayo mgonjwa hayaoni kwa kuwa amelala.

Kama umewahi kufanyiwa baipasi ya tumbo na sasa hivi una maumivu makali yasiyoisha, usianze juu. Nenda swali la 12, kisha uende hospitali.

## Mambo ya msingi

1. Utumbo kuziba ni nini hasa?

Utumbo mwembamba ni bomba lenye urefu wa mita kadhaa, lenye kazi ya kusukuma chakula, majimaji na hewa kwenda mbele. Ukiziba mahali, vinavyotoka juu hurundikana. Tumbo hunyonga kwa vipindi, hujaa, mtu hutapika, na baadaye hata hewa haitoki.

Kuziba kukiambatana na kujisokota, mishipa ya damu nayo hubanwa, na utumbo usiopata damu huanza kufa ndani ya saa chache. Likifika hapo halisubiri kliniki ya Jumatatu.

2. Ni upasuaji upi wa kupunguza uzito unaohusika?

Hasa baipasi. Daktari hutenga kifuko kidogo juu ya tumbo la chakula, cha mililita 15 hadi 30, kisha hukata utumbo mwembamba na kupandisha ncha moja mpaka kwenye kifuko hicho. Ncha ya pili, inayoleta nyongo na maji ya kongosho, huunganishwa chini zaidi. Ukiuchora unapata herufi Y. Umbo hilo lina jina la César Roux, daktari wa Lausanne, Uswisi, aliyelitumia mwishoni mwa karne ya 19 kwa magonjwa mengine kabisa. Baipasi ya kupunguza uzito yenyewe ilianzia Iowa, Marekani, mikononi mwa Edward Mason na Chikashi Ito, miaka ya 1960.

Slivu, ambapo tumbo hupunguzwa likabaki kama bomba jembamba, haigusi utumbo, kwa hiyo haiachi mianya ninayoieleza hapa chini. Ina shida zake: mstari mrefu wa pini unaweza kuvuja, au bomba lenyewe likabana katikati. Ila ngiri ya ndani, yaani utumbo kuingia kwenye mianya hiyo, hapana. Baipasi ya kiungo kimoja, ambapo utumbo huunganishwa mahali pamoja tu, iko katikati: mwanya ni mmoja badala ya miwili au mitatu, na ngiri hutokea kwa nadra zaidi, lakini hutokea.

3. Mnasema "mianya". Mianya gani?

Aliyewahi kusafisha matumbo ya mbuzi ameuona ule utando wenye mafuta, umetanda kama feni, unaoshika utumbo wote na kuubebea mishipa ya damu. Binadamu naye anao. Daktari akikata utumbo na kuupandisha juu, utando nao unakatwa na kuvutwa, na nyuma yake hubaki nafasi ambazo hazikuwepo siku ulipozaliwa.

Wa kwanza uko kwenye kiungo cha chini, pale matumbo mawili yanapounganishwa. Wa pili uko kati ya utando wa utumbo uliopandishwa na utando wa utumbo mpana. Huu unaitwa mwanya wa Petersen, kwa jina la Walther Petersen, daktari wa Kijerumani aliyeeleza mwaka 1900 jinsi utumbo unavyoweza kupenya nyuma ya kiungo cha namna hii. Wa tatu upo kama utumbo ulipitishwa kwenye tundu lililotobolewa katika utando wa utumbo mpana. Siku hizi wengi huupitisha mbele, na tundu hilo halitengenezwi kabisa.

Kipande cha utumbo kikiingia kwenye mwanya mmojawapo, hiyo ndiyo ngiri ya ndani. Kwa nje huoni uvimbe wowote. Ndiyo maana mtu akisikia "ngiri" anajipapasa kinena, hakuti kitu, anarudi kulala.

4. Nilipona vizuri, nikapungua kilo 40. Kwa nini matatizo yaanze mwaka wa pili?

Kwa sababu ulipungua. Utando wa utumbo ni ghala la mafuta. Siku ya upasuaji umenenepa na mwanya umebanwa. Mafuta yakiyeyuka, utando unakuwa mwembamba kama kitambaa cha kanga kuukuu, na mwanya uliopitisha kidole sasa unapitisha ngumi. Ngiri nyingi hutokea mwaka wa kwanza hadi wa tatu, wakati mtu anafurahia nguo mpya na ameshaacha kwenda kliniki.

Sababu ya pili inawashangaza wengi. Zamani upasuaji ulikuwa wa kufungua tumbo lote, na makovu ya ndani yaligandisha utumbo mahali pake. Tangu wapasuaji Wittgrove na Clark wa San Diego walipochapisha baipasi ya matundu madogo mwaka 1994, makovu yamepungua, maumivu yamepungua, watu wanatembea siku ileile. Lakini utumbo usiogandishwa na makovu uko huru kutembea, na unaweza kutembea mpaka ndani ya mwanya.

## Stepla na viungo vya utumbo

5. Stepla ya upasuaji inafanyaje kazi?

Fikiria stepla ya ofisini yenye taya ndefu na kisu katikati. Taya hubana utumbo, pini hupigwa mistari sita, mitatu kila upande, na kisu hupita katikati kwa mpigo huohuo. Kila pini hujikunja umbo la herufi B. Umbo hilo lina maana yake: linabana vya kutosha kuzuia damu na uchafu kuvuja, na linaacha vinjia vya damu vidogo vipite ili kidonda kipone.

Pini huchaguliwa kwa unene wa nyama. Katika mfumo uliozoeleka, katriji nyeupe ina pini za milimita 2.5 kabla hazijakunjwa, ya buluu 3.5, ya kijani 4.8. Utumbo mwembamba huchukua nyeupe au buluu. Tumbo la chakula, hasa kwa chini lilipo nene, huhitaji ndefu zaidi. Pini fupi kwenye nyama nene haijikunji, na ndefu kwenye nyama nyembamba haibani, damu inachuruzika.

Kuna kitu kimoja natamani kila mgonjwa angekiona. Daktari akishafunga taya, hapigi papo hapo. Anasimama. Chumba kizima kinanyamaza, tunahesabu sekunde 15 au zaidi, majimaji ya nyama yanasogea pembeni na unene unatulia. Ndipo anapiga. Mpasuaji anayeharakisha hapo, mimi huwa situlii mpaka nimeona mstari wote umekauka.

6. Kifaa hiki si kipya mno kuaminika?

Hümér Hültl, daktari wa Hungaria, alitumia cha kwanza Budapest mwaka 1908. Kilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, na kukiunganisha kabla ya kazi kulichukua saa mbili. Warusi walivikuza vifaa hivi miaka ya 1950. Mark Ravitch, daktari wa Marekani, alikutana navyo Kiev mwaka 1958 na kurudi na kimoja nyumbani. Vinavyotumika leo ni wajukuu wa hivyo.

7. Pini zinabaki tumboni maisha yote?

Ndiyo. Ni za titani, hazipati kutu, mwili huzifunika na kuzizoea. Mashine za uwanja wa ndege hazilii kwa ajili yake. Kipimo cha MRI si tatizo, ila mwambie mpiga picha kabla hujalala kwenye mashine.

8. Kiungo cha utumbo chenyewe kinaweza kuziba?

Kinaweza, na hapa ndipo namna ya kupiga stepla inapoonyesha tofauti. Kuziba kunakotokea ndani ya mwezi wa kwanza mara nyingi chanzo chake ni kiungo cha chini chenyewe, si ile mianya.

Kiungo hutengenezwa hivi: matumbo mawili yanalazwa ubavu kwa ubavu, kila moja linatobolewa kidogo, taya moja ya stepla inaingia huku na nyingine kule, inapigwa. Unapata mlango mrefu, kwa kawaida wa milimita 45 au 60. Kinachobaki ni lile tundu lililoingizia stepla, na lazima lifungwe. Ukilifunga kwa stepla nyingine ukavuta nyama nyingi mno, umebana njia uliyotoka kuitengeneza. Kuna njia tatu za kukwepa hilo. Daktari anaweza kulishona tundu kwa mkono, akichukua nyama kidogo tu. Anaweza kulifunga kwa stepla lakini kwa kulikingama, akiwa ameliinua kwa nyuzi ili aone anachokata. Au anapiga stepla mara mbili, moja kuelekea juu na moja kuelekea chini, mlango ukawa mrefu maradufu, na hata akibana kidogo wakati wa kufunga, njia inabaki pana. Binafsi nikiona utumbo mwembamba sana mezani hufurahi daktari anapoomba katriji ya pili.

Halafu kuna kupinda. Kiungo kinaweza kuwa kipana na bado kikakunjika kama mpira wa kumwagilia bustani. Robert Brolin, mpasuaji wa Marekani, alieleza mwaka 1995 mshono mdogo unaoegemeza utumbo kando ya kiungo ili usikunjike. Ni uzi mmoja, dakika mbili, na wapasuaji wengi huuweka hadi leo.

Sababu ya tatu ni damu. Mstari wa pini ukivuja damu kwa ndani, bonge linaweza kukaa kwenye kiungo na kuziba njia siku ya kwanza au ya pili. Mgonjwa anapauka, mapigo ya moyo yanakimbia, tumbo linajaa.

## Kufunga mianya

9. Kuna ushahidi kwamba kufunga mianya kunasaidia?

Upo, na ni mzuri. Nchini Uswidi hospitali 12 ziliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 2,507 waliofanyiwa baipasi ya matundu madogo kati ya 2010 na 2011: nusu walifungwa mianya kwa uzi usioyeyuka, nusu iliachwa wazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 na timu ya Erik Stenberg. Baada ya miaka 3, waliorudishwa mezani kwa sababu ya utumbo kuziba walikuwa asilimia 10.2 kwa walioachwa wazi, na asilimia 5.5 kwa waliofungwa. Karibu nusu.

Utafiti huohuo una upande wa pili, na usipoambiwa umedanganywa. Matatizo makubwa ya siku 30 za mwanzo yalikuwa asilimia 4.3 kwa waliofungwa dhidi ya 2.8 kwa walioachwa. Sababu kuu ilikuwa kile kiungo cha chini kupinda: mshono wa kufunga mwanya uliuvuta utumbo ukakunjika. Hapo swali la 8 na hili vinakutana. Anayefunga mwanya anapaswa pia kukiangalia kiungo baada ya kufunga.

10. Uzi au pini: kipi ni bora kufungia mianya?

Uzi ndio uliochunguzwa zaidi. Unatakiwa uwe usioyeyuka, maana uzi unaoyeyuka utakuwa umekwisha kabla mafuta hayajakwisha. Tatizo lake ni mikono. Kushona kwenye kina cha tumbo lenye mafuta, kwa vyombo virefu, kunachosha, na sindano inaweza kuchoma mshipa wa utando ukavimba damu.

Skandinavia, hasa Norwe na Denmark, wapo waliochukua stepla ndogo inayotumika kubandika wavu wa ngiri na kuifanyia kazi hii. Hii haina kisu. Inapiga pini moja moja ya titani. Daktari anashika kingo mbili za utando, anazileta pamoja na kupiga, anasogea kidogo, anapiga tena, kuanzia kwenye mzizi wa mwanya akija juu, kama mtu anayefunga mdomo wa gunia. Pini inashika ngozi laini ya juu ya utando tu, haizami kwenye mishipa. Ni haraka kuliko kushona, na kwa mpasuaji ambaye angeliacha kazi kwa uchovu, hilo si jambo dogo. Na kwa kuwa pini hazivuti kingo kwa nguvu kama uzi mmoja mrefu, kiungo kina nafasi ndogo ya kupindishwa.

Kikomo chake ni hichohicho cha kushika juu juu: utando ukikonda sana, pini inaweza kuachia. Tena kifaa chenyewe ni cha bei, na si kila hospitali inacho. Mimi nikiulizwa na ndugu yangu nitamwambia asichague kati ya uzi na pini. Achague daktari anayefunga mianya yote, anayeandika kwenye ripoti kwamba ameifunga na kwa kitu gani.

11. Mianya yangu ilifungwa. Basi hatari imekwisha?

Imepungua. Rudi kwenye takwimu za swali la 9: asilimia 5.5 si sifuri. Mafuta yakiyeyuka, uzi au pini hubaki zinashikilia utando uliolegea, na upenyo mdogo unaweza kufunguka. Upenyo mdogo una ubaya wake, utumbo ukiingia unabanwa zaidi. Pia kuziba kuna sababu nyingine: makovu ya ndani, utumbo kuingia kwenye tundu la ukutani palipopitishwa vyombo, utumbo kujimeza kwenye kiungo, au bonge la nyuzinyuzi za chakula lisilosagika. Daktari wa zamu akikwambia "haiwezekani, wewe ulifungwa", mwombe kwa heshima aendelee kuchunguza.

## Dalili na dharura

12. Nitajuaje kwamba hii ni dharura?

Maumivu ya tumbo baada ya baipasi, makali au yanayorudi, ni ngiri ya ndani mpaka ithibitishwe kuwa sivyo. Naliandika hivyo kwa makusudi, kwa kuwa dalili hazifanani na za kwenye vitabu. Mara nyingi maumivu huwa juu ya tumbo, upande wa kushoto au katikati, huja baada ya kula, hupenya mgongoni, halafu huisha yenyewe baada ya saa moja au mbili. Utumbo umeingia, umetoka. Wiki ijayo tena. Siku moja unaingia hautoki.

Kutapika kunaweza kusiwepo kabisa. Kama kilichoziba ni mkono wa nyongo (ile ncha ya pili ya swali la 2), chakula kinapita vizuri, huku lile tumbo la zamani lililotengwa na kifuko likijaa maji bila pa kutokea. Linaweza kupasuka. Mgonjwa anakula, anajisaidia, na yuko hatarini.

Nenda usiku huohuo ukiwa na maumivu yasiyotulia, tumbo gumu, mapigo yanayokimbia, homa, matapishi yasiyokoma, au ukiona huwezi kukaa wala kulala.

13. Sijapata choo siku tatu. Ni kuziba?

Peke yake, kwa kawaida siyo. Unakula kidogo, unakunywa maji pungufu, unameza vidonge vya madini ya chuma: choo kigumu kinatarajiwa. Hewa ikitoka na tumbo likiwa laini, ongeza maji na zungumza na kliniki. Yakiongezeka maumivu, hilo ni swali la 12.

14. Nikifika mapokezi niseme nini?

Usiseme "tumbo linauma" ukaishia hapo, utapewa dawa ya vidonda vya tumbo na kurudishwa nyumbani. Nimewaona waliorudishwa mara tatu. Sema hivi, au mwonyeshe mtu hii kwenye simu: "Nilifanyiwa baipasi ya tumbo mwaka fulani. Nina maumivu yanayokuja na kuondoka. Naogopa ngiri ya ndani. Naomba daktari wa upasuaji aniangalie."

Yapo mengine matatu ya kuwakumbusha. Mpira wa puani usisukumwe kwa mazoea: kifuko ni kidogo na kiungo kipo karibu, mpira unaweza kutoboa, na wala haufiki kwenye tumbo lililotengwa. Kama umetapika kwa siku kadhaa, uliza kuhusu vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi, kwani upungufu wake ukikutana na sukari unaweza kudhuru ubongo. Na kwa maumivu, diklofenaki na ibuprofeni si rafiki wa kiungo chako cha juu, huleta vidonda.

15. Kipimo cha CT kimetoka safi, damu safi, na bado naumwa. Najisingizia?

Hujisingizii. Mpiga picha hutafuta utando uliojisokota kama maji yanayozunguka yanapoingia kwenye tundu la sinki. Ukionekana, dalili ni nzito. Usipoonekana, wewe bado hujawa salama, hasa kama picha ilipigwa wakati maumivu yametulia. Ultrasaundi na eksirei ya kawaida huona kidogo zaidi. Damu hubadilika utumbo ukiwa tayari unakufa, na huko ni kuchelewa.

Mtu wa baipasi mwenye maumivu yanayorudi na picha safi anastahili kuchunguliwa kwa kamera tumboni. Huo ni uchunguzi, na tatizo likionekana linatibiwa papo hapo.

16. Wakiingia tumboni, wanafanya nini?

Mpasuaji mzoefu haanzii juu palipopanuka na kuvurugika. Anaanzia mwisho, pale utumbo mwembamba unapoingia utumbo mpana, sehemu isiyohama, kisha anaufuata kurudi nyuma, hatua kwa hatua. Akifanya hivyo ngiri mara nyingi inajifungua yenyewe mikononi mwake, bila kuvuta. Nilisimama kwenye kazi moja ya dada aliyekuwa ameumwa kwa vipindi miezi minne. Utumbo ulikuwa umeingia wote nyuma ya mwanya wa Petersen, umekuwa wa zambarau. Ulipotoka tukasubiri, kitambaa cha maji ya moto juu yake, macho yote kwenye skrini. Taratibu ukarudi wa waridi, ukaanza kujisogeza. Hakukatwa hata sentimita. Angekuja kesho yake, ningekuwa naandika habari nyingine.

Baada ya hapo mianya yote hufungwa, hata ile ambayo haikuwa na ngiri.

## Hali za pekee

17. Nina mimba na nilifanyiwa baipasi. Nifanye nini?

Mjulishe mkunga na daktari wa uzazi mapema, kabla hamjafikia dharura. Mji wa mimba unapopanda, hasa miezi mitatu ya mwisho, unausukuma utumbo juu na kwenye mianya. Maumivu yake hudhaniwa kiungulia, uchungu wa mapema au nyongo. Mjamzito wa baipasi mwenye maumivu ya juu ya tumbo anahitaji daktari wa upasuaji na wa uzazi chumba kimoja, na kipimo kisicheleweshwe kwa hofu ya mionzi wakati utumbo unakufa. Wiki baada ya kujifungua, mji unaposhuka ghafla, nazo si salama. Kwa ambaye bado hajashika mimba, ushauri wa kawaida ni kungoja miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji.

18. Nilifanyiwa India (au Uturuki, au Dubai) na sina ripoti. Nitajuaje kama mianya ilifungwa?

Andika barua pepe kwa hospitali ile leo, ukiwa mzima. Omba ripoti ya upasuaji yenyewe, ile aliyoandika mpasuaji, si karatasi ya kuruhusiwa peke yake. Uliza manne: ni baipasi ya aina gani, utumbo ulipita mbele au nyuma ya utumbo mpana, mianya ipi ilifungwa, kwa uzi au pini. Ukipata, ipige picha na iweke kwenye simu ya mtu unayeishi naye pia. Usipojibiwa, jihesabu kuwa haikufungwa.

19. Mimi ni Mwislamu. Kuna kitu cha nguruwe kwenye pini au nyuzi?

Pini ni titani tupu. Nyuzi za kufungia mianya ni za kutengenezwa kiwandani. Pa kuuliza ni pengine pawili: ukanda unaowekwa wakati mwingine kuimarisha mstari wa pini, ambao waweza kuwa wa sintetiki au wa mnyama, mara nyingi ng'ombe, na sindano ya kuzuia damu kuganda. Enoksaparini hutokana na utumbo wa nguruwe. Wanazuoni wengi huruhusu kwa dharura, na ipo fondaparinuksi ambayo ni ya sintetiki. Uliza siku ya kliniki, usiache hadi siku ya kitanda.

20. Na kufunga Ramadhani?

Miezi ya mwanzo haifai. Maji yanapaswa kunywewa kwa funda ndogo mchana kutwa, na usiku hautoshi kuyafidia. Muda wa kuanza tena mpange na timu yako. Ukishaanza, futuru pole pole. Maumivu ya kula haraka hufuata kula haraka. Yakija hata umefuturu kwa tende moja na uji, ni ya swali la 12.

21. Niliwekewa puto tumboni, sikukatwa. Hili linanihusu?

Mianya haikuhusu. Kuziba kunaweza. Puto likipungukiwa maji linaweza kuteremka kwenye utumbo na kukwama. Mengi hujazwa maji yenye rangi ya buluu kwa ajili hiyo: mkojo ukigeuka kijani au buluu, puto limepasuka, piga simu siku hiyohiyo. Usipitishe tarehe ya kulitoa hata kama unajisikia vizuri.

22. Sina dalili yoyote, mianya yangu iko wazi. Nirudi nifungwe?

Kwa kawaida huingizwi chumba cha upasuaji kwa ajili hiyo pekee, maana kuingia upya kuna hatari zake. Lakini kama utapasuliwa kwa sababu nyingine, mfano kutoa mawe ya nyongo, ambayo huwapata wengi wanaopungua haraka, mwombe daktari kabla ya siku hiyo aitazame mianya na kuifunga ikiwezekana. Hakikisha amekubali, na hakikisha limeandikwa kwenye fomu ya ridhaa kabla hujaweka sahihi.